Kura Zilivyofika Hale

Msafiri atokaye Segera kwenda Tanga, akiisha kuiacha njia panda na kelele za mabasi yake, haendi mbali kabla hajaingia Hale, mji mdogo wa Wilaya ya Korogwe uliokaa kando ya Mto Pangani, mahali ambapo mto huo, uliokusanya maji yake tangu Kilimanjaro na Meru, huacha uvivu wa tambarare ukaanza kuporomoka kwa kishindo kuelekea bahari. Upande mmoja ni Korogwe, upande wa pili ni Handeni ya Wazigua. Kaskazini husimama milima ya Usambara, na mashariki huanza nchi ya Wabondei. Wageni aghalabu huijua Hale kwa mambo mawili, umeme na mkonge. Mimi napenda kuieleza kwa jambo la tatu, nalo ni kura. Kwa sababu tarikhi ya uchaguzi katika nchi yetu imeandikwa mara nyingi kwa hesabu ya washindi na washindwa, ilhali hesabu hizo hazisomeki kwa insafu mpaka kwanza iulizwe nani aliruhusiwa kupiga kura na nani aliachwa nje ya mlango. Hale ni mahali pema pa kuulizia swali hilo.

Isidhaniwe kwamba kabla ya karatasi na sanduku watu wa pande hizi hawakuwa na kauli juu ya watawala wao. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, ameeleza jinsi Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, alivyopewa utawala wa Vuga kwa ridhaa ya wenyeji walioona faida ya kuwa naye. Na yaliyotolewa kwa ridhaa yaliweza kuondolewa kwa hasira. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo wa Mbega, yaani Wakilindi, katika miaka ya 1860, na wanawe wakaanza kugombea urithi, Wabondei waliinuka wakawaua na kuwafukuza Wakilindi waliowekwa kuwatawala, katika machafuko ambayo wenyewe waliyaita kiva. Ilikuwa hukumu ya damu, wala siisifu. Lakini ilikuwa hukumu ya raia, na baada yake haikuja nyingine kwa muda wa karibu karne nzima, maana Wadachi walileta maakida na majumbe wasiochaguliwa na mtu, na Waingereza waliokuja baada yao wakatawala kwa kupitia machifu waliothibitishwa na serikali.

Katika muda huo nchi ilibadilika sura. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, ikasafirishwa kwa njia ya Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu; kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyojaza bonde lote la Pangani. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, ikipita Mnyuzi, jirani na Hale, na kila ilipopita palifuatwa na mistari ya mkonge iliyonyooka hata upeo wa macho. Wenyeji hawakupenda sana kazi ile, nao walikuwa na mashamba yao ya kulima. Kwa hiyo wenye makampuni walitafuta watu wa mbali, na mwaka 1944 chama chao kikaunda ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU. Hivyo wakaja Waha kutoka Kigoma, Wabena na Wangoni kutoka kusini, Warundi kutoka Urundi, na Wamakonde waliovuka Ruvuma. Watu waliwaita manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa, alilipwa na kukatwa.

Yafaa kuitazama kwa karibu kadi aliyopewa mtu huyo, maana ndiyo iliyokuwa hati yake kuu katika dunia. Ilikuwa kadi ya kipande, yenye nafasi 30 za kutiwa alama, moja kwa kila siku ya kazi iliyotimia. Na siku haikuhesabiwa kwa jua bali kwa mafungu, kila fungu majani 30, yaliyokatwa kwa kisu, yakaondolewa miba ya ncha, yakafungwa na kupangwa kando ya njia ya kitoroli. Mafungu yakipungua, nafasi ya siku ile hubaki tupu. Kadi ilitakiwa ijae katika muda wa siku 42, na mshahara ulitoka ilipojaa. Mtu aliweza kuishi Hale miaka mitatu, akazaa na kuzika huko, asipate hati nyingine yoyote ya serikali iliyomtambua isipokuwa kadi ile ya kampuni na stakabadhi ya kodi.

Ndipo tufike kwenye Baraza. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926 katika zama za Gavana Donald Cameron, na wajumbe wake wote waliteuliwa na Gavana. Miaka 19 ilipita kabla hajaingia Mwafrika. Na mwaka 1945 walipoingia wawili, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, hawakupelekwa kwa kura. Mwaka 1955 viti vya wasio maofisa vikagawanywa sawasawa, 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu, kana kwamba mataifa hayo matatu yalikuwa na idadi moja, ilhali Waafrika peke yao walizidi milioni nane.

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa mwaka 1958 na 1959, na Jimbo la Tanga, pamoja na Korogwe na Handeni ndani yake, lilikuwa miongoni mwa majimbo matano yaliyotangulia kupiga kura, mwezi wa Septemba 1958. Masharti yalikuwa haya: mpiga kura awe ametimiza miaka 21, naye awe ama amesoma hata darasa la nane, ama ana pato la paundi 150 kwa mwaka, ama anashika au aliwahi kushika cheo kinachotambuliwa. Paundi 150 zilikuwa shilingi 3,000. Mkata mkonge wa Hale, hata akijaza kadi zake zote bila ya kuugua siku moja, hakufikia nusu ya fedha hizo. Darasa la nane hakuliona. Na cheo hakuwa nacho. Kwa hiyo mhasibu wa shamba aliandikishwa, mwalimu wa misheni aliandikishwa, karani wa stesheni aliandikishwa, na wale waliojaza mabehewa ya stesheni hiyo kwa jasho lao walitazama tu. Katika Tanganyika nzima, iliyokuwa na watu karibu milioni tisa, walioandikishwa hawakuzidi sana 60,000. Nakumbusha pia, kwa kuwa sadfa yake yapasa kukumbukwa, kwamba mwaka ule ule mahakama ilimtoza Julius Nyerere faini ya paundi 150 kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la chama chake, TANU: kiasi kile kile kilichowazuia raia wake wasipige kura.

Tena aliyeandikishwa hakuwa huru kabisa mbele ya karatasi yake. Ilimlazimu achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na akiacha hata nafasi moja kura yake yote iliharibika. Wengi katika TANU waliona ni udhalili kushiriki katika mchezo wenye masharti kama hayo, na katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 nusura chama kipasuke. Lakini Nyerere aliwavuta kwenye shauri la kushiriki, na shauri hilo likaitwa Uamuzi wa Busara. Matokeo yalimthibitisha. Wagombea wa TANU, na wale wa mataifa mengine waliotiwa mkono na TANU, walichukua karibu viti vyote, na chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kuwa ngao dhidi ya TANU, kikafifia upesi. Kwa rai yangu ushindi ule ulikuwa mkubwa kuliko hesabu yake, kwa kuwa waliopiga kura walikuwa ndio wachache ambao serikali yenyewe iliwachuja ikiwatarajia kuwa wapole, nao waliitumia nafasi yao kwa niaba ya waliofungiwa nje. Na hao waliofungiwa nje hawakukaa kimya: mwaka ule ule wa 1958, shamba la Mazinde, katika wilaya hii ya Korogwe, lilitikiswa na mgomo mrefu wa wafanyakazi. Asiyekuwa na karatasi ya kura alipiga kura kwa kulaza kisu.

Hapa huulizwa, na ni swali la haki, kwa nini nchi hii haikuwa na baraza la juu, baraza la pili la kuyapima yale yatungwayo na la kwanza. Mbegu yake ilikuwapo. Mwezi wa Mei 1957 Gavana Edward Twining aliwakusanya machifu wa nchi nzima huko Mzumbe, karibu na Morogoro, na wapo waliotumaini kwamba mkutano ule utakomaa uwe baraza la wakuu mfano wa lile la mabwana wa Uingereza. Lau lingekuwa, Usambara ingewakilishwa na mtawala wake, Simba Mwene wa Vuga. Lakini sioni ni nani angelimwakilisha manamba wa Hale, ambaye chifu wake, kama alikuwa naye, alikuwa Kasulu au Njombe. Matumaini yale hayakufika mbali, na mwaka 1963 sheria ikaondoa madaraka ya machifu. Jirani zetu wa Kenya walishika njia nyingine: waliingia uhuru mwaka 1963 na Seneti iliyochaguliwa kwa wilaya, wakaivunja mwishoni mwa mwaka 1966, kisha wakairudisha kwa katiba ya 2010; na tangu uchaguzi wa Machi 2013 Lamu, iliyokuwa na watu laki moja na kitu katika hesabu ya 2009, hupeleka seneta mmoja kama Nairobi yenye watu zaidi ya milioni tatu. Njia hiyo ina adili yake kwa mahali padogo. Walakini mahali kama Hale, palipojengwa na watu wa makabila kumi na zaidi waliokusanywa na kazi moja, pasingenufaika sana na baraza la machifu. Palihitaji kila mtu mzima ahesabiwe.

Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 pato lililotakiwa lilishushwa hata paundi 75, na, jambo lililokuwa kubwa zaidi, aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili alikubaliwa kwa elimu hiyo pekee. Walioandikishwa wakawa karibu laki tisa. Lakini hao hawakupiga kura wote, kwa kuwa kati ya viti 71, wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa, na kati ya 13 vilivyobaki TANU ilipoteza kimoja tu, cha Mbulu. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, masharti ya pato na elimu yalikuwa yameondolewa, na Nyerere akapata kura 1,127,978 dhidi ya 21,276 za mpinzani wake, Zuberi Mtemvu.

Kisha ukaja mwaka 1965, ambao mimi nauhesabu kuwa mwaka wa kura halisi kwa watu wa mashamba. Chama kilikuwa kimoja, ndiyo. Lakini karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na mtu asiyejua herufi aliweza kutambua jembe na nyumba kama alivyotambua mkono wake. Wagombea walitembezwa pamoja kwenye mikutano ile ile. Walikatazwa kutaja kabila, dini na rangi. Na walitakiwa wazungumze Kiswahili peke yake. Mahali pengine masharti hayo yaweza kuwa yalionekana mazito. Katika kambi za mkonge, ambamo Muha, Mbena na Mzigua walikuwa wamekwisha kuifanya lugha hii kuwa ya kazi, ya ndoa na ya ugomvi, yalikuwa ni takrima: mgombea alilazimika kumwendea mkata mkonge kwa maneno anayoyaelewa, akamwomba. Na kura zile ziliuma, maana hata mawaziri waliangushwa, akiwamo Paul Bomani.

Zama zile zile Hale ilikuwa ikipata mtambo wake. Kituo cha umeme chenye uwezo wa megawati 21 kilianza kazi mwaka 1964, na nyaya zake zikapelekwa hata Dar es Salaam; na mwaka huo huo nchi ilitoa mkonge mwingi kuliko wakati wowote kabla au baada yake, tani karibu 230,000. Bei ilishuka mara baada ya hapo, nyuzi za viwandani zikauvamia uzi wa mkonge, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, yakadhoofika, yakabinafsishwa katika miaka ya 1990. Wazee wengi wa kambi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ni watu wa Hale, wanaopiga kura katika Jimbo la Korogwe Vijijini.

Na jimbo hilo limeonja tena ladha ya mwaka 1960. Mbunge wake, Stephen Ngonyani, aliyejulikana na watu kwa jina la Profesa Majimarefu, alifariki mwezi wa Julai 2018, na katika uchaguzi mdogo uliofuata Timotheo Mnzava wa CCM alitangazwa kupita bila kupingwa. Handeni Mjini nayo, mwaka 2015, ilibidi isubiri baada ya nchi nzima kupiga kura, kwa kuwa mgombea wake Dakta Abdallah Kigoda alifariki siku chache kabla ya Oktoba 25. La Handeni lilikuwa kudra, na watu walipata siku yao. La Korogwe nalitazama kwa masikitiko, bila ya kumlaumu aliyepita: watu ambao babu zao walisubiri tangu 1926 hata 1962 ili wahesabiwe, hawakupewa karatasi ya kumchagua mbunge wao mwaka ule.

Matokeo ya majimbo yamechapishwa na yanapatikana. Yasiyochapishwa ni yale ya kambi na vituo, na maneno ya watu waliosimama foleni mwaka 1965 kwa mara ya kwanza, kadi ya kipande mfuko mmoja na shahada ya kura mfuko wa pili. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka huo alizaliwa mwaka 1944. Leo amepita umri wa miaka 80. Nawaomba walimu wa shule za Hale, Mnyuzi na Segera wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao, na daftari na kalamu, mwaka huu.