Tanzia na kinaya

Simu inaita Mugumu, Serengeti, au Sirari, Tarime. Ujumbe ukianza na TANZIA kwa herufi kubwa, kila mtu anajua kuna aliyefariki.

Jukwaani, neno hilohilo ni mchezo wa anguko la mhusika mkuu. Sophocles, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alimwonyesha mfalme akimsaka muuaji na kumlaani, kumbe anajilaani mwenyewe. Watazamaji wanajua, yeye hajui. Hicho ni kinaya cha kidrama, na ndicho kinachouma kuliko vyote. S. S. Mushi aliutafsiri mchezo huo mwaka 1971: Mfalme Edipode.

Kinaya kina sura nyingine pia: kumwita mvivu “mchapakazi” ni kinaya cha maneno.

Walimu wa Tarime na Serengeti, isomeni laana ile ya mfalme darasani kwa sauti.