Karura Haikuokolewa na Sheria

Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo elfu moja kaskazini mwa Nairobi, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Wengi huamini kwamba tangazo hilo ndilo lililouhifadhi. Historia yake inasema vingine. Serikali ya kikoloni iliuona msitu kama ghala la kuni: miti ya asili kama muhugu na mutamaiyu ikakatwa, pakapandwa mikaratusi ya kuwashia garimoshi. Nayo mali ya serikali huweza kugawanywa na wakubwa wa serikali. Miaka ya 1990 sehemu kubwa ya Karura iligawiwa wajenzi binafsi kimyakimya, na tangazo la 1932 halikumzuia yeyote.

Waliozuia ni watu. Mwaka 1998 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wa shirika la Green Belt Movement walianza kuingia msituni na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa na genge la watu waliokodiwa, na Maathai akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana, mji ukatikisika, na ujenzi ukakwama. Wapo wanaosema mji unaokua unahitaji nyumba kuliko miti. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama viwanja vile vingegawiwa wakazi wa mtaa wa mabanda wa Mathare. Vilikwenda kwa wenye kampuni, si kwa wapangaji maskini.

Pingamizi zito zaidi ni la uzio wa umeme na kiingilio vilivyowekwa baadaye: je, msitu uliopiganiwa na umma haukugeuzwa bustani ya matajiri wa Muthaiga na Runda? Tukumbuke kwamba kabla ya uzio, Karura iliogopwa kwa ujambazi, na maiti zilitupwa humo. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kusimamia msitu pamoja na serikali kupitia vyama vyao, na vijana wa Huruma, kijiji kilicho ukingoni, wakaajiriwa kuulinda. Hata hivyo, hofu ya kiingilio ni ya haki. Ada ikipanda, watetezi watapungua, na msitu usio na watetezi tumeshaona unavyogawanywa. Kwa hiyo kiingilio kibaki kidogo, na mkazi wa Nairobi ambaye hajawahi kuingia Karura aende, tena aende na watoto.