Dishi Juu ya Mabati: Safari ya Setilaiti hadi Nyumba za Mashambani Kenya

Kituo cha ardhini cha Longonot, kilichoanza kazi mwaka 1970 karibu na mlima wenye jina hilo katika Bonde la Ufa, ndicho kilichoiingiza Afrika Mashariki katika mawasiliano ya setilaiti. Kituo cha ardhini ni mahali penye antena na mitambo ya kutuma na kupokea mawimbi ya redio yanayopitia chombo kilicho angani, na katika miaka hiyo mitambo hiyo ilikuwa mikubwa mno: antena za daraja la juu zilizotakiwa na Intelsat, shirika la kimataifa lililoundwa mwaka 1964 kuendesha setilaiti za simu, zilikuwa na kipenyo cha takriban mita 30. Ukubwa huo ulitokana na umbali. Setilaiti za Intelsat zilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kimo ambacho chombo huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, hivyo kikaonekana kana kwamba kimesimama. Mawimbi yaliyosafiri umbali huo yalifika yakiwa hafifu, na ni sahani pana tu iliyoweza kuyakusanya ya kutosha.

Kabla ya hapo, Kenya, Tanganyika na Uganda zilizungumza na ulimwengu kwa redio za masafa mafupi na kwa mkongo wa telegrafu uliotandazwa baharini mwaka 1879 kutoka Aden kupitia Zanzibar kuelekea Msumbiji na Afrika Kusini. Longonot ilibadili ubora wa sauti na idadi ya simu zilizoweza kupita kwa wakati mmoja, ila haikubadili mpangilio wa nani aliyehudumiwa. Kituo kilijengwa mashambani kwa sababu antena yake ilihitaji kukaa mbali na mawimbi ya mji, lakini simu zilizoshuka hapo zilirushwa kwanza hadi Nairobi kwa minara ya mikrowevu, ndipo zikagawiwa, na familia nyingi za wafugaji na wakulima waliolizunguka bonde hilo hazikuwa na simu hata moja nyumbani. Setilaiti ilikuwa lango la dola, na ufunguo wake ulikaa mjini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilitaka lango lake: Tanzania ikawa na kituo cha Mwenge, Dar es Salaam, na Uganda ikawa na cha Mpoma, mashariki ya Kampala.

Jaribio la kwanza la kuuepuka mpangilio huo lilitoka upande ambao wanahistoria wa mawasiliano huutaja mara chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliweka vituo vidogo vya redio katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Zambia, Kenya, Tanzania na Uganda, ili madaktari waweze kutumiana barua na kupokea majarida ya tiba. Setilaiti zilizotumika, mojawapo ikiwa HealthSat-2 iliyorushwa mwaka 1993, zilikuwa ndogo na zilipita chini, kilomita mia kadhaa tu juu ya ardhi. Kwa kuwa chombo cha namna hiyo hupita juu ya mahali fulani kwa dakika chache kisha hupotea, kilizipokea barua, kikazihifadhi katika kumbukumbu yake, kikazishusha kilipofika juu ya kituo kingine. Majibu yalichukua saa nyingi. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba chombo kilicho karibu kinaweza kusikika kwa antena nyepesi na umeme kidogo, lilikuwa sahihi, na lilitangulia wakati wake kwa takriban miaka 30.

Intaneti ya kibiashara ilipoingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, ilirudi kwenye lango la zamani. Shirika la serikali la posta na simu, ambalo mwaka 1999 liligawanywa na kuzaa Telkom Kenya, lilishika ukiritimba wa njia za kimataifa, na mwaka 1998 likaanzisha Jambonet, mtandao mkuu ambao watoa huduma wote walitakiwa kununua kwake uwezo wa kutuma na kupokea data kupitia setilaiti. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: kwa kuwa watoa huduma wa Nairobi hawakuwa wameunganishwa wao kwa wao, barua pepe ya mteja wa kampuni moja kwenda kwa jirani yake aliyehudumiwa na kampuni nyingine ilipanda angani, ikashuka Marekani au Ulaya, kisha ikarudi tena kwa njia ileile, na kila hatua ililipiwa kwa dola. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma walianzisha KIXP, sehemu ya kubadilishania data ya ndani bila kuitoa nchini. Telkom ililalamika kuwa ukiritimba wake umevunjwa, mdhibiti wa mawasiliano wa Kenya akaifunga, na ilifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya mabishano marefu. Haishangazi kwamba katika hali hiyo hakuna aliyewaza kwa dhati nyumba ya mkulima. Wakazi wa mji wenyewe walikuwa wakilipa nauli ya angani ili wasalimiane.

Ukiritimba ulipoisha mwaka 2004, ikawa rahisi zaidi kupata leseni ya VSAT, yaani kituo kidogo chenye dishi la mita moja hadi mbili na nusu hivi linaloweza kupokea na pia kutuma. Hapo ndipo setilaiti ilipotoka kweli mijini, lakini iliishia kwa wenye uwezo: hospitali za misheni, mashirika ya misaada kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma, hoteli za mbugani, mashamba makubwa ya maua. Watu wa kawaida vijijini walikuwa wameshalizoea dishi kwa njia nyingine, kupitia televisheni ya DStv na baadaye Azam, ila dishi hilo lilipokea tu, halikuwa na uwezo wa kujibu. Hata aliyeweza kulipia VSAT alikumbana na kikwazo kisichoondolewa na fedha. Mawimbi hupanda na kushuka zaidi ya kilomita 71,000, safari inayochukua karibu robo sekunde kwa kasi ya mwanga, na kwa kuwa ombi na jibu lake ni safari mbili, kila kubofya kulisubiri karibu nusu sekunde kabla ya lolote kutokea. Kusoma barua kuliwezekana. Mazungumzo ya simu yaligeuka kuwa ya kukatizana.

Mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa mwaka 2009, ikifuatwa na EASSy mwaka uliofuata, miji ya Afrika Mashariki iliiacha setilaiti haraka. Vijiji vilipata minara ya simu, na kwa wengi intaneti ikawa kifurushi cha data kwenye simu ya mkononi. Pale ambapo mnara ulikuwa nyuma ya kilima au wateja walikuwa wachache mno kuufanya ulipe, hali ilibaki ileile.

Urejeo wa setilaiti za chini ulitanguliwa na anguko. Mradi wa Marekani wa Teledesic, uliopangwa katika miaka ya 1990, ulisitishwa mwaka 2002 bila kumhudumia mteja. Greg Wyler, Mmarekani aliyewahi kujenga mitandao nchini Rwanda na kuona gharama ya kuifikia bahari kutoka huko, alianzisha O3b, ambayo setilaiti zake, zilizoanza kurushwa mwaka 2013 katika kimo cha takriban kilomita 8,000, ziliuza uwezo kwa kampuni na serikali badala ya kaya. Kaya zilifikiwa na Starlink ya kampuni ya SpaceX, ambayo kundi kubwa la kwanza la setilaiti zake, zilizozunguka kilomita 550 hivi juu ya ardhi, lilirushwa mwaka 2019. Huduma hiyo ilianza Rwanda mwezi Februari 2023 na Kenya mwezi Julai mwaka huohuo.

Kwenye nyumba yenyewe, mabadiliko hayo yanaonekana madogo: bamba jeupe linalofungwa juu ya mabati au kwenye mti wa mlingoti, mahali ambapo miembe na migrevilia haizibi anga, kwa kuwa bamba hilo hufuata kwa umeme setilaiti inayopita na kuhamia inayofuata bila kukatiza. Tatizo kubwa zaidi ni umeme. Kifaa cha kawaida hutumia wati 50 au zaidi, nacho kikiachwa kikiwaka mchana na usiku hula zaidi ya yuniti moja kwa siku, ilhali vifurushi vya sola vilivyosambaa vijijini tangu mwaka 2012 viliundwa kwa taa chache, redio na kuchaji simu. Ndiyo maana wanaohamia setilaiti mara nyingi ni wenye umeme wa gridi au sola ya ukubwa wa kutosha, na ndiyo maana kukodisha kifaa kwa malipo ya mwezi, kulikoanza Kenya mwaka 2024, kulipunguza kizuizi cha bei bila kukigusa cha nishati.

Mwaka 2024 pia ulirudisha mabishano ya zamani kwa sura mpya, pale kampuni ya simu ya Safaricom ilipomwandikia mdhibiti ikitaka kampuni za setilaiti zifanye kazi kwa kushirikiana na waliokuwa na leseni za ndani. Mwezi Novemba mwaka huo Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa uwezo wa eneo hilo ulikuwa umejaa: huduma iliyosifiwa kwa ajili ya mashambani ilikuwa imemalizwa na mji. Hadi wakati huo data ya mteja wa Kenya iliingia katika intaneti kupitia vituo vya nje ya nchi, kikiwemo cha Lagos, hata alipokuwa akitafuta tovuti iliyohifadhiwa Nairobi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 SpaceX ilifungua kituo cha kuunganishia Nairobi, na mzunguko ambao KIXP iliundwa kuufuta ukafupishwa kwa mara ya pili.