Damu ya Dingo

Kama kuna mtoto kwenu, basi unamjua Bluey, yule wa katuni ya Australia iliyoanza 2018. Familia yake yote ni Australian Cattle Dog, mbwa wa kuchunga ng'ombe mwenye manyoya mafupi mazito, wa bluu au mwekundu. Katuni ni tamu. Historia yake si tamu sana.

Mapema miaka ya 1800, walowezi wa Kiingereza walinyakua ardhi ya wenyeji wa New South Wales wakaijaza ng'ombe. Soko lilikuwa Sydney, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Mbwa waliokuja nao kutoka Uingereza walichoshwa na joto na umbali, tena walibweka ovyo. Ng'ombe akishtuka anakimbia, akikimbia anakonda, na aliyekonda hana bei.

Thomas Hall, mlowezi wa bonde la mto Hunter, akaagiza mbwa wa wachungaji kutoka Northumberland na kuwazalisha na dingo. Ndiyo, dingo yule yule ambaye walowezi walimuua popote walipomkuta kwa sababu ya kula kondoo wao. Kufikia 1840 hivi alikuwa na alichotaka: mbwa anayenyemelea kimya, anauma kisigino, kisha analala chini teke limpite juu. Jamaa za Hall waliwabania mbwa hao hadi alipofariki 1870.

Wenyeji walikuwa wameishi na dingo maelfu ya miaka. Leo Australia inajivunia mbwa mwenye damu hiyo, na bado ina uzio wa zaidi ya kilomita 5,000 wa kumzuia dingo mwenyewe. Mimi naona huo ni unafiki tu.

Manyoya yake hayana kazi, brashi mara moja kwa wiki yatosha. Shida ni miguu na akili. Mfungie kwa bedsita kutwa nzima uone atakachofanyia kochi lako. Akikosa ng'ombe atachunga watoto, na atawachunga kwa kuwauma visigino. Usimwite mkali, hiyo ndiyo kazi aliyoundiwa. Mkimbize kila siku na umpe kitu cha kufikiria.

Halafu kuna masikio. Watoto wake huzaliwa weupe, rangi hutokea baada ya wiki chache, na jeni za weupe huo huwafanya wengine kuwa viziwi. Kabla hujalipa, uliza kama amepimwa masikio yote mawili, maana kiziwi wa sikio moja huonekana mzima kabisa.