Nani anabaki nje ya picha?

Ndugu zetu, wiki iliyopita tuliposti picha ya kikundi, wengine mkalalamika: "Mbona mimi sipo?" Mlikuwepo. Ni sisi tuliwakata.

Umbo la picha lina historia. Kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa 1925, ilipiga picha ya milimita 24 kwa 36, yaani 2 kwa 3. Simu nyingi leo zinapiga 3 kwa 4. Instagram ilipoanza 2010 ilikubali mraba tu, mpaka 2015. Sasa ukiingiza picha pana ndani ya mraba, lazima wa pembeni watoke.

Januari 2020, mjini Davos, Uswisi, Vanessa Nakate wa Uganda alipiga picha na wasichana wanne wa Ulaya, wote watetezi wa mazingira. Shirika moja la habari likamkata yeye, Mwafrika pekee. Akauliza kwa nini, dunia ikasikia, wakaomba radhi.

Sisi wakimbizi tunajua kuachwa nje. Basi kabla ya kukata tutahesabu vichwa. Watu wasipoenea kwenye mraba, tunaacha picha nzima na kujaza rangi juu na chini. Ile ya wiki iliyopita tunairudisha leo, wote mkiwemo.