Nyumba ya Operesheni na nyumbani kwa bibi

Wale mnaopanda mabasi ya Dar kwenda Dodoma mnaijua picha hii. Ukishaipita Gairo unaanza kuona vijiji vilivyonyooka kama wanafunzi mstarini: nyumba huku, nyumba kule, barabara katikati, kisha shule, zahanati na ofisi ya kijiji yenye bendera. Sisi wa mjini tunapita, tunanunua mahindi ya kuchoma dirishani, na tunadhani vijiji vyetu vimekuwa hivi tangu enzi za mababu. Si kweli. Vingi vina umri wa miaka hamsini na kitu tu.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliodhani hivyo, mpaka nilipokwenda kumsalimia bibi yangu huko huko Ugogoni. Jioni tumekaa barazani, nikamuuliza amekaa kwenye nyumba hii tangu lini.

“Hii? Hii ni ya Operesheni, mjukuu wangu. Nyumbani ni kule.” Akanyoosha mkono kuelekea bondeni.

Kesho yake nilikwenda kule. Hakuna nyumba. Kuna mbuyu, vigae vya vyungu na makaburi. Mtu amezaa, amelea na kuzeeka kwenye nyumba moja, na bado haiiti nyumbani! Nikarudi mjini nikaanza kusoma.

Ndugu zangu, habari hii ilianza na nia njema. Desemba 10, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba watu wakiendelea kuishi mmoja mmoja, mbalimbali, itakuwa vigumu kuwafikishia shule, maji na matrekta. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 wazo hilo likapata jina, Ujamaa Vijijini. Wakati huo ilisisitizwa kwamba ni hiari. Mwaka 1968 Mwalimu mwenyewe aliandika kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, wanajiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Mwalimu hakukaa Dar na kutoa maagizo tu, alikwenda Chamwino na kushiriki kazi za kijiji pamoja na wananchi. Leo Chamwino ndipo ilipo Ikulu mpya iliyozinduliwa mwaka 2023. Kisha Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri, na kazi iwe imekamilika kabla ya mwaka 1976 kwisha. Kufikia mwisho wa zoezi, serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 kuwa wanaishi vijijini. Waliohamishwa hasa wanakadiriwa kuwa si chini ya milioni 5. Fikiria malori, mizigo, kuku, wazee na watoto wachanga, ndani ya miaka michache tu!

Je, wakazi walionaje? Hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vilipopita haraka haraka.

Chukua nyumba yenyewe. Mgogo alikuwa na tembe: nyumba ndefu, fupi kwa kimo, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, na ua wa ng'ombe katikati. Mgeni akiiona anasema umaskini. Lakini tembe ni baridi mchana jua linapowaka, ni joto usiku, na mwizi wa ng'ombe lazima apite mlangoni kwako. Tena vifaa vyake vyote vinapatikana porini bila kutoa senti. Kijiji kipya kilikuja na wito wa “nyumba bora”, yaani matofali na bati. Nani angekataa bati? Swali ni nani angelinunua, hasa miaka ya 1973 na 1974 ambapo mvua ziligoma na watu walikuwa wanatafuta chakula. Wengi walishushiwa mizigo kwenye kiwanja kilichopimwa, wakaambiwa wajenge.

Halafu shamba. Mkulima aliyekuwa akitoka mlangoni anaingia shambani sasa alitembea mwendo mrefu, na mazao yake yalilindwa na nani usiku nguruwe pori wakija? Kuni karibu na kijiji ziliisha, malisho yakakanyagwa. Na kule bondeni makaburi yalibaki bila mtu wa kuyafagilia.

Lakini tusidanganyane, hayo hayakuwa maoni pekee. Bibi huyo huyo ananiambia mama yangu asingesoma bila Operesheni, kwa sababu shule ilikuwa mbali mno. Zahanati nayo ilikuja. Wapo wengi leo wenye digrii zao ambao safari yao ilianzia kwenye kiwanja kile cha mstari. Bibi hakatai maendeleo. Anachosema ni kwamba hakuulizwa. Mkutano uliitishwa kutangaza, si kusikiliza. Na kuna sehemu za nchi ambako nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Euphrase Kezilahabi hakungoja wanahistoria, aliyaandika mambo haya katika riwaya yake Gamba la Nyoka mwaka 1979, vumbi la malori likiwa halijatulia.

Mtu asipoulizwa, jibu lake linakuja kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1980 watu wengi walianza kurudi kimya kimya kwenye mahame yao. Wengine walikwenda mahakamani. Baba na mwanawe wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulu, walidai ardhi waliyopoteza wakati wa Operesheni, na mahakama ya Arusha ikawapa haki. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta madai ya namna hiyo. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Miaka ishirini ilipita ndipo maoni ya wakazi yakasikika, tena kwa lugha ya mawakili!

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika mambo ya ardhi yake. Kwa hiyo leo mwekezaji au mradi wa nyumba ukifika kijijini kwenu, mkutano ule si mapambo. Sisi tulioko mjini huwa hatuhudhurii, tunapigiwa simu baadaye kuambiwa shamba la babu limekwenda.

Nilipoaga, bibi alinipa maboga mawili na ombi moja: siku yake ikifika, apelekwe kule bondeni chini ya mbuyu. Nimemwahidi. Na wewe, umewahi kumuuliza bibi yako nyumbani ni wapi? Muulize angali yupo.