Ruzuku na Hesabu ya Waliokufa: Misaada kwa Waathirika wa Machafuko ya Kisiasa Unguja, 1961–2010

Katika muda wa miaka 40, watu waliuawa Unguja kwa sababu za kisiasa mara tatu: Juni 1961, Januari 1964 na Januari 2001. Insha hii inachunguza ni nani aliyewasaidia waliobaki, na kwa fedha za nani. Hoja inayojengwa ni kwamba ruzuku hufuata hesabu. Mfadhili humtambua mwathirika baada ya chombo kinachokubalika kumhesabu. Asiyehesabiwa huachiwa jamaa zake.

Machafuko ya 1961 yalianza Mjini siku ya uchaguzi, tarehe 1 Juni, kisha yakaenea mashamba. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton ilihesabu vifo 68, vingi vikiwa vya Wamanga, watu wa maduka madogo na kazi za shamba. Jonathon Glassman, katika War of Words, War of Stones (2011), ameonesha jinsi lugha ya magazeti na majukwaa ya zama za siasa ilivyotangulia mauaji hayo. Wakati huo jumuiya za kikabila ndizo zilizokuwa karibu zaidi na watu wao. Lakini jumuiya hizohizo zilikuwa zimeingia katika ushindani wa vyama, na kwa hiyo mkono uliotoa msaada ulikuwa pia mkono wa upande mmoja. Tatizo hili litajirudia baadaye kwa sura nyingine.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 hesabu yenyewe ilikosekana. Makadirio ya vifo yanabishaniwa hadi leo, kuanzia mamia hadi maelfu. Jumuiya za kikabila zilifutwa na Chama cha Afro-Shirazi kikawa chama pekee. Katika masimulizi rasmi Mapinduzi yalikuwa ukombozi wa wanyonge, na masimulizi hayo hayakuacha nafasi kwa mjane au yatima wa upande ulioshindwa kuitwa mwathirika. Msaada ulirudi katika njia za zamani: ubani, sadaka, hitima, na chochote kilichotumwa na ndugu waliohamia Kenya, Oman au Uingereza. Njia hizi zilikuwa na heshima yake, ila hazikuweza kumfikia mtu asiye na jamaa.

Mwaka 2001 ulileta hali tofauti. Vyama vingi vilikuwa vimerejea, na Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995 ilikuwa imeweka utaratibu wa kusajili asasi za kiraia. Ijumaa ya tarehe 26 Januari polisi walipiga watu risasi karibu na msikiti wa Mwembetanga. Kesho yake maandamano ya Chama cha Wananchi (CUF) yalizimwa kwa nguvu Unguja na Pemba. Watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2002, ilitaja vifo visivyopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, iliyotokana na Muafaka wa tarehe 10 Oktoba 2001, ilitaja vifo 31. Tofauti ya watu wanne ni ndogo kwa mwanatakwimu. Kwa familia nne ni tofauti kati ya kuwamo na kutokuwamo katika orodha.

Kwa wakati huo ruzuku zilikuwa zimeanza kupatikana. Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa Waathirika wa Mateso, ulioundwa 1981, hutoa fedha kwa asasi na si kwa serikali. Nchini Tanzania, Foundation for Civil Society ilianza kutoa ruzuku kwa asasi za kiraia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata hivyo, ruzuku huombwa kwa kutaja walengwa, malengo na muda wa mradi. Kikundi ambacho kingejisajili waziwazi kwa ajili ya waathirika wa Januari 2001 kingehesabiwa kuwa cha chama kimoja, kama zilivyohesabiwa jumuiya za 1961. Lugha salama zaidi ilikuwa ile ya msaada wa kisheria, elimu ya uraia, wajane na yatima. Lugha hiyo ilifungua milango, lakini ilificha chanzo cha ujane na uyatima wenyewe.

Maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyoungwa mkono kwa asilimia 66.4, yaliwapatanisha viongozi wa vyama viwili. Wapo wanaoona kuwa kuwahesabu waathirika baada ya hapo ni kufukua makaburi. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, kwani visiwani wauaji na wafiwa husali msikiti mmoja. Lakini historia ya 1964 inaonesha kuwa kutohesabu hakukuzika uchungu, bali kuliugawa kwa familia, kila moja ikilea wake. Ruzuku yenye manufaa Unguja, kwa hiyo, ingeanza na daftari moja la waathirika wa pande zote, polisi aliyeuawa akiwamo pamoja na waandamanaji, likitunzwa na chombo kisicho cha chama. Bila daftari hilo, fedha zitaendelea kuwafikia wale wanaojua kuandika maombi.